Kule Cobh, walioondoka wana majina

Niliwaahidi habari za Ireland tangu niliporudi, nikawa nakwepa. Picha mliziona, mkasifia nyumba za rangi rangi, mkauliza nauli. Leo nalipa deni. Ila niseme mapema: ukisoma ukitafuta hoteli nzuri ya kufikia, utaniona mzushi. Mji wenyewe ulinirudisha nyumbani kwetu, kwenye jambo ambalo ukoo wetu haulizungumzi.

Ilikuwa Oktoba 2024. Nilikwenda Dublin kwenye semina ya waandishi wa habari, na semina ilipoisha nikabakiwa na siku tatu kabla ya ndege. (Kwa wanaouliza: sisi Wabongo viza ya Uingereza haituingizi Ireland, wala ile ya Schengen. Ireland ina viza yake, na ukiiomba jiandae na karatasi za benki mpaka uchoke.) Wenzangu walibaki Dublin kuzunguka madukani. Mimi nikapanda treni kwenda Cork, kusini, mwendo wa saa mbili na nusu hivi, kisha nikadaka treni ndogo ya Cobh. Hiyo ni dakika 25 tu, inapita kando ya maji, na ukishuka stesheni bahari iko pale pale miguuni.

Jina la mji usilisome kama lilivyoandikwa. Linatamkwa "Kov". Mimi kwenye dirisha la tikiti nilisema "Kobu", nusura niseme kobe, na karani akanirudisha mara mbili. Waingereza waliuita mji huo Queenstown kuanzia 1849, Malkia Victoria alipoutembelea. Waairishi walipokuwa wakipigania uhuru wao wakaurudishia jina lake mwaka 1920.

Ni mji mdogo, watu wapatao 14,000, umepanda kilimani. Juu kabisa kuna kanisa kuu la Mtakatifu Colman, lenye kengele 49, zikipigwa unazisikia mpaka gatini. Chini yake kuna mtaa mkali wa mteremko wenye nyumba zilizopangana bega kwa bega, kila moja na rangi yake. Wenyeji wanaziita pakiti ya karata, eti ile ya chini ikianguka, zote zitafuata. Ndiyo hiyo picha mliyoipenda. Mvua ya manyunyu ilininyea siku nzima. Hapo utalii umekwisha.

Sasa sikieni. Kati ya 1848 na 1950, Waairishi zaidi ya milioni 6 waliihama nchi yao, na kama milioni 2.5 kati yao waliondokea hapo Cobh. Ilianza na njaa. Mwaka 1845 ugonjwa uliingia kwenye viazi, na viazi ndicho kilikuwa chakula cha maskini. Kwa miaka michache iliyofuata watu kama milioni moja wakafa na wengine milioni wakaondoka, huku nafaka na mifugo ya nchi hiyo hiyo ikipakiwa melini kupelekwa Uingereza. Mwaka 1841 kisiwa kizima kilikuwa na watu zaidi ya milioni 8. Mpaka leo hakijairudia idadi hiyo.

Kwa lugha yetu ya kijiweni, hao walikuwa wazamiaji. Wabeba maboksi. Wanaume walikwenda kuchimba mifereji na kujenga reli, wasichana walikwenda kuwa mahausigeli New York na Boston. Usiku wa kuamkia safari ndugu na majirani walikesha nyumbani kwa anayeondoka, wakala, wakacheza ngoma, na alfajiri wakalia. Mkesha huo waliufanya kwa mfano wa mkesha wa maiti, kwa sababu anayevuka bahari walijua hawatamwona tena. Hebu fikiria, msiba wa mtu aliyekaa pale pale anakunywa chai.

Mji huu ndio kituo cha mwisho cha Titanic. Tarehe 11 Aprili 1912 ilitia nanga nje ya bandari, abiria 123 wakapelekwa kwa boti ndogo. Kati yao 113 walikuwa wa daraja la tatu. Ofisi ya kampuni ya meli siku hizi ni makumbusho, na nyuma yake nguzo za gati la mbao walilokanyaga bado zimesimama, zimeoza na kuota majani ya bahari. Ukilipa kiingilio wanakupa tikiti yenye jina la mmoja wa wale 123. Unatembea humo ndani ukiwa na jina la mtu mfukoni, na mwishoni unaambiwa kama ulipona. Mimi nilipewa kijana wa daraja la tatu. Hakupona.

Najua kuna atakayesema hiyo ni biashara ya machozi. Nami nilisema hivyo hivyo, tena kwa sauti, dukani mwao, nilipoona vikombe na kofia zenye picha ya meli iliyoua watu zaidi ya 1,500. Lakini nilipotoka nje na ile tikiti mkononi nilikuwa nalijua jina la kijana maskini aliyekufa miaka zaidi ya 110 iliyopita, nalijua na kabisa. Nikajiuliza ni wazamiaji wangapi wa Bongo ninaowajua hivyo.

Pale gatini kuna sanamu ya msichana na wadogo zake wawili wa kiume. Anaitwa Annie Moore. Aliondoka Cobh Desemba 1891, na tarehe 1 Januari 1892 akawa mhamiaji wa kwanza kuandikishwa kwenye kituo kipya cha Ellis Island, New York. Wakampa sarafu ya dhahabu ya dola 10. Kwa miaka mingi Wamarekani walisimulia kwamba alikwenda Texas. Mwaka 2006 wachunguzi wa nasaba wakagundua kuwa yule wa Texas alikuwa Annie Moore mwingine kabisa. Annie wetu hakutoka New York. Aliolewa, akazaa watoto wengi, zaidi ya nusu wakafa wadogo, naye akafa mwaka 1924 na kuzikwa kwenye kaburi lisilo na jiwe. Jiwe aliwekewa mwaka 2008. Yaani hata aliyejengewa sanamu, walikuwa wamempoteza. Tofauti ni kwamba walimtafuta.

Nilikaa kwenye benchi karibu na hiyo sanamu, na hapo akaja mama mmoja mtu mzima na mbwa wake. Akaniuliza natoka wapi. Nilipomwambia Tanzania akachangamka: dada yake alikuwa mtawa na muuguzi, aliishi Singida miaka mingi. Akatamka "Singida" vizuri kuliko nilivyotamka Cobh. Tukaongea ya mvua, ya mbwa, ya Singida. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza saa: "Na kwenu, nani aliondoka?"

Sikuwa nimewahi kuulizwa swali hilo na mtu yeyote.

Nikamweleza habari za Baba Mdogo. Mwaka 1997 yeye na wenzake wawili waliingia kwa siri kwenye meli ya mizigo bandarini Dar es Salaam. Barua moja ikaja kutoka Durban. Nyingine ikaja kutoka Ugiriki, na picha amevaa koti kubwa kuliko yeye. Kisha kimya. Nyumbani walimngojea, wakamkasirikia, halafu wakaacha kumtaja. Ukimtaja mezani mtu anabadilisha mazungumzo. Wapo wanaosema alijifanya mtu wa nchi nyingine, akajilipua na kupata makaratasi, akatusahau. Wapo wanaosema alitoswa baharini. Bibi hakukubali afanyiwe matanga, maana utafanyaje matanga ya mtu ambaye hujui kama amekufa? Bibi alikufa 2015 akiwa bado anauliza kama kuna barua.

Yule mama hakuniambia pole nyingi. Aliniuliza jina la Baba Mdogo, nikamtajia, akalirudia polepole mpaka akalipata. Kisha akaniambia kama nina nafasi nipande nikaone makaburi ya kanisa la zamani, nje kidogo ya mji.

Nikaenda. Tarehe 7 Mei 1915 nyambizi ya Kijerumani iliizamisha meli ya Lusitania karibu na pwani hiyo, watu karibu 1,200 wakafa. Maiti ziliteremshwa Cobh, na zaidi ya 150 zimelala pale, nyingi kwenye makaburi matatu ya pamoja. Zile ambazo hakuna aliyezitambua zilipewa namba, zikapigwa picha, ikaandikwa nguo walizovaa na vitu vilivyokuwa mifukoni, ili siku ndugu wakija kuuliza pawe na cha kuwajibu. Maiti za wageni hizo. Mji ulikuwa hauwadai wala hauwajui.

Sasa msidhani nimerudi nikiwa mpiga debe wa Ireland. Mwaka 2004 wapiga kura wake, karibu asilimia 79, waliondoa haki ya kila mtoto anayezaliwa nchini humo kuwa raia. Tarehe 23 Novemba 2023 vijana walichoma mabasi katikati ya Dublin, na kuna wanaoandamana na mabango kwamba Ireland imejaa. Imejaa! Nchi ambayo haijaifikia idadi ya watu wake ya mwaka 1841, na iliyomwaga watu wake kwenye kila bandari ya dunia. Nilimwuliza yule mama kuhusu hilo. Akasema baadhi ya wanaopiga kelele hizo wana shangazi zao New York walioishi huko miaka 30 bila kibali. Akavuta mbwa wake. Kwa hiyo kukumbuka peke yake hakumfanyi mtu kuwa mwema. Hilo nalikubali.

Lakini asiyekumbuka kabisa anafanyaje? Hapa nageukia kwetu, na kwenye kazi yangu mwenyewe.

Juni 2012, wahamiaji zaidi ya 40 kutoka Ethiopia walikutwa wamekufa kwa kukosa hewa ndani ya lori mkoani Dodoma. Walikuwa wakielekea kusini, kama Baba Mdogo alivyoelekea kusini. Wakati huo sikuwa nimeanza uandishi, ila nakumbuka gazeti lilivyosambaa mtaani. Jina hata moja sikulisoma. Miaka kadhaa baadaye nikaajiriwa, na kundi jingine lilipokamatwa porini nilitumwa mimi. Kichwa cha habari nilikiandika kwa mkono wangu: wahamiaji haramu, na idadi yao. Nilikuwa na kijana mmoja mbele yangu, anajua Kiswahili kidogo, na sikumwuliza anaitwa nani. Nilimwuliza kamanda. Mhariri alinisifu kwa kuwahi.

Nanyi wasomaji tusiachiane. Boti ikizama baharini Mediterania mnaandika "tamaa imewaponza". Aliyerudi na gari tunamwita mpambanaji, aliyepotea tunamwita mjinga. Sheria nayo: Muairishi ambaye babu yake mmoja tu alizaliwa Ireland anaweza kuomba uraia wa huko bila kuacha alio nao. Mtanzania mtu mzima akichukua uraia wa kwingine kwa hiari yake, anapoteza wa kwetu. Mnaweza kutetea sheria hiyo, sababu zipo na nimezisikia. Mimi nasema tu kwamba mtu akishavuka tunakuwa wepesi mno kumfuta, kwenye sheria, kwenye magazeti na mezani kwetu.

Nilichojifunza mimi ni kidogo na nimeanza kukifanya. Nikitumwa tena kwenye habari za watu waliokamatwa au waliokufa njiani, nitauliza majina, nitauliza walikotoka na nani anawangoja. Neno "haramu" sitaliweka mbele ya mtu. Mhariri akitaka kulirudisha alirudishe mwenyewe, kwa jina lake.

Na Jumapili moja baada ya kurudi, mezani kwa Baba, nililitaja jina la Baba Mdogo. Mama akainuka kwenda jikoni kufuata chumvi ambayo ilikuwa pale mezani. Baba alikaa kimya muda mrefu. Halafu akasema, "Alikuwa anapenda sana ndizi za nazi."

Ndiyo habari ya kwanza kuipata juu yake tangu ile picha ya Ugiriki. Nimeiandika kwenye daftari. Na kwenu je, nani aliondoka?