Mimi ni mtu wa kompyuta, na nasema: msiguse studio ya kuchora

Najua nimepotea. Wale mnaouliza sehemu ya pili ya somo la hifadhidata iko wapi, poleni, inakuja. Leo nina hasira na nataka kuimwaga hapa kabla haijapoa.

Wengi wenu hamjui kwamba tangu Januari nimerudi darasani. Si darasa la lugha mpya ya programu, maana hizo najifunza usiku kama kila mtu. Ni darasa la kuchora, ngazi ya pili, katika chuo kimoja hapa Nairobi ambacho sitakitaja. Jumanne na Alhamisi, kuanzia saa kumi na moja na nusu jioni hadi saa mbili na nusu usiku. Tuko kumi na wanne. Ukimtoa Mwalimu, mimi ndiye mzee wa darasa, na ni mimi peke yangu ninayekuja na laptopu ambayo haitoki mkobani.

Wiki jana tukaambiwa kwamba muhula ujao studio yetu itageuzwa maabara ya kompyuta. Vile vibao vya kusimamishia karatasi vitauzwa. Ngazi ya pili itafundishwa kwa tableti, saa mbili kwa wiki badala ya sita. Sababu ya kwanza ni soko. Sababu ya pili nilielezwa usoni na mmoja wa wakubwa, huku akitabasamu kama mtu anayengoja makofi: siku hizi akili bandia inachora, kwa hiyo mkaa wa nini? Kisha akanikaribisha kwenye mkutano nije niwaeleze wenzake hivyo hivyo, kwa vile mimi ni mtaalamu.

Nitaenda. Lakini sitasema hivyo, na hapa naeleza kwa nini.

Jioni moja mwezi wa Februari Mwalimu alileta sufuria kubwa, ile ya kupikia chai ya watu wengi, akaiweka juu ya kigoda katikati ya chumba. Akatupa dakika arobaini. Kazi rahisi, nikajisemea. Mimi ni mtu mzima, nina watoto, sufuria naijua. Tulipobandika michoro ukutani, kumi na wawili kati yetu tulikuwa tumechora kitako cha sufuria kwa mstari ulionyooka kama rula. Mwalimu hakutukaripia. Aliuliza tu: "Nani ameona huo mstari?" Tukanyamaza. Hakuna aliyeuona, kwa sababu haukuwepo. Mdomo wa sufuria ni duara, na duara likiwa karibu na usawa wa macho yako hujibana hadi likaribie kuwa mstari. Kadiri linavyoshuka chini ya macho ndivyo linavyofunguka. Kwa hiyo kitako, kilicho chini zaidi, kimepinda kuliko mdomo. Tulikuwa tumekaa mbele ya ushahidi kwa dakika arobaini, tukachora kile tunachojua: sufuria haiyumbi, basi chini ni bapa.

Nililala na jambo hilo. Unajua lilinikumbusha nini? Siku tatu nilizopoteza mwaka jana nikitafuta kosa katika programu ya malipo. Niliisoma ile kazi ya mistari thelathini labda mara hamsini, na kila mara nilisoma nilichokusudia kuandika, si nilichoandika. Alama ilikuwa imegeuzwa, kubwa kuliko badala ya ndogo kuliko. Kijana wa mafunzo, wiki yake ya pili kazini, aliiona kwa dakika moja. Mimi nilikuwa nachora kitako bapa.

Ngazi ya kwanza inakufundisha kushika penseli, kupaka vivuli na kuchora mchemraba. Watu wengi huishia hapo na kusema wanajua kuchora. Ngazi ya pili inakunyang'anya uongo. Unaambiwa uchore kiti bila kukichora: chora hewa iliyo kati ya miguu yake, yale maumbo yasiyo na jina, na kiti kitatokea chenyewe. Kinatokea kweli, na kimekaa sawa kuliko kiti chochote ulichowahi kuchora ukijua ni kiti. Unaambiwa ufuate ukingo wa mkono wako bila kutazama karatasi hata mara moja. Mwenzako anasimama mbele, na una sekunde thelathini kushika mkao wake, karatasi ishirini mfululizo, mkono ukitoka begani na si kwenye vidole. Unapima kwa penseli, jicho moja limefumbwa na mkono umenyooshwa kabisa, kwa sababu ukikunja kiwiko kidogo tu, kipimo chako kimeshakuwa kingine. (Nilikunja kiwiko mwezi mzima. Watu wangu wote walikuwa na vichwa vya viroboto.)

Na karibu zote hizo karatasi hutupwa. Hapa ndipo yule mkubwa alipokosea tangu mwanzo. Anadhani darasa la kuchora ni kiwanda cha picha, na kwa vile sasa kuna kiwanda chenye kasi zaidi, tufunge hiki. Sikilizeni, sitajificha nyuma ya vile vidole sita. Miaka ya 2022 na 2023 tulicheka sana mikono iliyochorwa na mashine. Kicheko hicho kimekwisha, mashine zimejifunza, na mtu anayetetea studio kwa kusema kompyuta haiwezi kuchora mkono anajenga nyumba juu ya mchanga. Inaweza. Inachora sufuria nzuri kuliko yangu, kwa sekunde kumi. Lakini mimi baada ya hizo sekunde kumi sijaona chochote zaidi ya nilivyoona jana.

Sasa niwageukie nyinyi, waunda programu wenzangu, maana kelele za "inachora siku hizi" zinatoka kwetu. Katika kila chuo cha kompyuta nchini tunamfanya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aandike programu ya kupanga orodha ya namba kwa mkono wake. Kila lugha ya programu inayo tayari, imeandikwa na watu wajanja kuliko yeye. Mbona hatusemi ni kupoteza wakati? Kwa sababu tunajua hatafuti orodha iliyopangwa. Tunamtengeneza yeye. Haki hiyo tunajipa sisi, halafu tunamnyima mtu wa mkaa.

Tena tuna madeni huko. Mnaocheza michezo ya kompyuta na kushangilia mwanga halisi, tazameni kitabu cha Albrecht Dürer cha mwaka 1525, kile cha upimaji. Mna picha ya wanaume wawili wakichora kinanda cha nyuzi. Kamba imefungwa ukutani mahali pa jicho, inapita ndani ya fremu hadi kwenye kinanda, na pale inapokata fremu ndipo nukta inapowekwa. Nukta moja moja. Ndiyo hesabu ile ile ambayo kadi yako ya michoro inafanya mara mamilioni. Mikunjo ya herufi unazosoma sasa hivi inatokana na hesabu zilizofanyiwa kazi na Paul de Casteljau kule Citroën kuanzia 1959 na Pierre Bézier kule Renault katika miaka ya 1960, ili mabodi ya magari, ambayo yalikuwa yakichorwa kwa mkono, yaweze kuingia kwenye mashine. Na mwaka 1963 Ivan Sutherland alipomaliza Sketchpad pale MIT, programu ambayo wengi wetu tunaiita babu wa kila kitu kinachobofywa, alichompa mtu mkononi kilikuwa kalamu.

Hoja ya soko siikatai moja kwa moja. Hakuna tangazo la kazi Nairobi linalosema "anatakiwa mtu wa mkaa". Wenzangu wadogo darasani watatafuta kazi kwenye kampuni za matangazo, katuni na michezo, na huko watakuta tableti mezani. Wafundishwe hizo tableti, tena mapema, mimi nitajitolea kusaidia. Ninachopinga ni kuzianza pale ambapo jicho bado halijaamka. Tableti ina mambo mawili matamu: kukuza na kurudisha nyuma. Kwa kukuza, mwanafunzi anachora kope kabla hajajua kichwa kiko wapi. Kwa kurudisha nyuma, mstari mbaya unatoweka kabla haujamwambia chochote. Kwenye karatasi mstari mbaya unabaki. Unauchukia, lakini ndio unaokuonyesha wa kweli upite wapi. Michoro yangu bora ya muhula huu ina mistari mitatu ya uongo chini ya kila mmoja wa kweli.

Na kama tatizo ni pesa, hesabu haziingii akilini. Mkaa tunatengeneza wenyewe: vijiti vikavu ndani ya kopo la maziwa ya unga, tundu dogo kwenye kifuniko, kopo ndani ya jiko hadi moshi uishe. Karatasi ni manila. Badala ya dawa ya kuzuia mkaa usifutike tunapuliza ile ya nywele, na chumba chote kinanuka saluni. Tableti moja yenye kioo ingetulisha manila miaka.

Kinachoniuma zaidi ni wakati wenyewe. Mtaala wa 8-4-4 ulipopunguzwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, sanaa na ufundi havikutahiniwa tena katika KCPE, na sote tunajua somo lisilotahiniwa hufundishwaje: kipindi chake hupewa hisabati. Kizazi kizima kikakua kikidhani kuchora ni kipaji cha watu wawili kwa kila darasa. Sasa mtaala mpya umefika sekondari ya juu, wanafunzi wa kwanza wakaingia Januari 2026, na moja kati ya njia tatu wanazochagua ni ya sanaa na michezo. Watahitaji walimu walioketi mbele ya sufuria. Na chuo chetu, mwaka huu huu, kinauza vibao.

Tumeandika barua. Wanafunzi wote kumi na wanne tumetia sahihi, pamoja na kumi na mmoja wa ngazi ya kwanza, na bawabu, ambaye hukaa kama kielelezo chetu tukikosa mtu na ana maoni makali kuhusu jinsi tunavyochora pua yake. Mwalimu hakutia sahihi. Mkataba wake unaisha Agosti na hatukumwomba.

Mkutano ni Alhamisi saa nane mchana. Nimemwomba mama wa kibanda cha chai karibu na geti aniazime sufuria yake kubwa, na nimenunua penseli tisa, idadi ya wajumbe. Nitawapa dakika kumi kabla hatujaanza kuongea.