Ituri: Anayependa utaratibu asiogope hakimu wa raia wala redio

Komanda, wilaya ya Irumu. Usiku wa tarehe 26 kuamkia 27 Julai 2025, waasi wa ADF waliingia katika parokia ya Mwenye Heri Anuarite wakati waamini walikuwa katika mkesha wa sala. Asubuhi ile msemaji wa jeshi katika Ituri alisema kwamba watu karibu 10 ndio waliouawa kanisani. Mashirika ya raia yalisema wamepita 20, kisha hesabu ikaendelea kupanda. Mwishowe MONUSCO ilitoa hesabu yake: raia 43, ndio wanawake 19, wanaume 15 na watoto 9.

Kati ya 10 na 43 kuna watu 33. Hakuna sababu ya kusema kwamba jeshi lilidanganya. Alfajiri kama ile nani amepata nafasi ya kuhesabu vizuri, maiti zingine zingali ndani na watu wamekimbilia porini? Lakini kuna swali moja ambalo familia za Komanda zinapaswa kujiuliza. Kama mdomo mmoja tu ndio ungekuwa na ruhusa ya kusema siku ile, ni hesabu gani ingebaki kwenye karatasi? Wale 33 wangezikwa na jamaa zao, ndiyo, lakini kwa serikali na kwa dunia wasingekuwa wamekufa.

Swali hili linafaa kupelekwa kwanza kwa watu ambao hawapendi kusikia habari za uhuru wa kusema. Komanda iko nao wengi: wazee, wakubwa wa familia, wachungaji, wafanyabiashara wa barabara ya Bunia, ya Mambasa na ya Beni. Ni watu wanaoheshimu mamlaka, dini na mila, na hawapendi kelele za maandamano. Katika nchi zingine wangeitwa wahafidhina. Wengi wao walifurahi tarehe 6 Mei 2021, siku utawala wa kijeshi, ule wanaouita état de siège, ulipoanza katika Ituri na Kivu ya Kaskazini. Mpaka leo maneno yao ni mamoja: redio zinachochea watu, zifungwe, mahakimu wa raia wanapenda hongo, kesi ziachiwe wanajeshi.

Mtu akicheka maneno hayo, hajalala hata usiku mmoja katika Irumu. Hakimu wa kuuza hukumu yuko, kila mtu amemwona au amesikia habari zake. Mwandishi wa habari wa kupokea bahasha kabla ya kushika mikro yuko pia. Shida ni kwamba dawa wanayoitaka wazee haitoki katika uhafidhina wowote. Mhafidhina ni mtu wa kushika sheria jinsi ilivyoandikwa, hata siku inapomuuma, kwa sababu anajua kwamba mkubwa wa leo ataondoka na mwingine atakuja na fimbo ile ile. Sasa sheria imeandikwa namna gani?

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 144, inasema utawala wa namna hii ni wa siku 30, na bunge na seneti vinaweza kuongeza siku 15, kisha zingine 15. Walioiandika walifikiri kwamba jambo lisilo la kawaida linahesabiwa kwa siku. Hapa limehesabiwa kwa miaka. Mtoto aliyezaliwa Komanda mwezi ule wa Mei 2021 leo anakimbia kwa miguu yake mwenyewe risasi zikilia, na hajawahi kuwa na gavana asiyevaa magwanda. Tarehe 12 Oktoba 2023 Rais Tshisekedi alitangaza kwamba hatua zitalegezwa pole pole, baada ya kikao kikubwa cha Kinshasa mwezi wa Agosti mwaka ule. Neno pole pole katika Ituri linajulikana.

Kifungu cha 156 kinaruhusu kesi za makosa ya jinai zitolewe kwa mahakimu wa raia na kupelekwa kwenye korti za kijeshi. Lakini kinaongeza neno ambalo watu hawaambiwi: haki ya kukata rufaa haiwezi kusimamishwa. Kifungu cha 61 kinaendelea. Hata wakati wa état de siège hakuna ruhusa ya kutesa mtu, ya kumnyima haki ya kujitetea, wala ya kumfunga mtu kwa sababu ya deni.

Jambo hili la deni linagusa familia zilizokimbia kuliko maneno yote ya Kinshasa. Zilizohamishwa ni kesi za jinai tu. Mambo ya shamba, ya urithi, ya ndoa na ya deni hayakutoka mikononi mwa hakimu wa raia hata siku moja. Lakini angalia yanavyopita. Familia imekimbia Walese Vonkutu, imekaa miaka katika nyumba ya jamaa au chini ya hema, halafu inasikia kwamba kakao yake inavunwa na mtu mwingine. Baba wa familia anakwenda wapi? Wengi wanakwenda kwa ofisa wa jeshi, kwa sababu ndiye mkubwa aliye karibu, na tangu 2021 watu wameambiwa kwamba jeshi ndilo linaamua yote. Ofisa yule anaweza kuwa mtu mwema. Hata hivyo hana uwezo wa kusema shamba ni la nani, na neno lake halina rufaa. Kesho anahamishwa, mwingine anakuja, shamba linabadilisha mwenyewe. Mzee anayependa utaratibu anaona utaratibu gani hapo?

Na hakimu mwenyewe anatoka wapi? Hapa ndipo mambo ya Kinshasa yanafika mpaka Komanda, hata kama yanaonekana mbali. Mahakama ya Katiba ina mahakimu 9. Watatu wanachaguliwa na Rais kwa uamuzi wake, watatu na bunge na seneti, watatu na Baraza Kuu la Mahakimu. Kila mmoja anakaa miaka 9, na haongezewi. Miaka hiyo iliwekwa ili hakimu asimwogope mtu aliyemweka. Tarehe 17 Julai 2020 Rais Tshisekedi alitia sahihi orodha ya mahakimu wapya, wakati waziri mkuu Ilunga Ilunkamba alikuwa Lubumbashi. Mahakimu wawili wa Mahakama ya Katiba, Noël Kilomba na Jean Ubulu, walipelekwa kwenye mahakama nyingine na wakakataa, wakisema muda wao haujaisha. Wapya waliapa tarehe 21 Oktoba mwaka ule bila wakubwa wa bunge na seneti kufika. Watu wa kambi ya Kabila walipiga kelele, watu wa kambi ya Rais wakapiga makofi.

Karibu wote walitazama ni mtu wa nani ameingia na mtu wa nani ametoka. Swali la mhafidhina lilikuwa lingine: muda uliowekwa na Katiba ni miaka 9 au ni mpaka mkubwa achoke? Jibu lina uzito hapa, kwa sababu ya kifungu cha 145. Kinataka amri za Rais za wakati wa état de siège zipelekwe mara moja mbele ya Mahakama hiyo hiyo, ili iseme kama zinakwenda pamoja na Katiba. Mwezi wa Mei 2021 amri za Ituri zilifika pale na zikapita. Labda zingepita hata mbele ya mahakimu wengine wowote. Lakini mtu wa Irumu angepokea jibu kwa moyo mweupe zaidi kama viti vile visingesukumwa miezi michache mbele.

Amri moja ya tarehe 3 Mei 2021 inawapa wakubwa wa jeshi uwezo wa kukataza mikutano na maandishi wanayoona kwamba yanaweza kuleta fujo. Ni wao wanaoona. Hakimu hatajwi. Na uhuru wa kusema haumo katika orodha ile ya kifungu cha 61 ya mambo yasiyoguswa. Dhamiri imo, dini imo, dini ambayo wazee wa Komanda wanaijali sana. Mdomo haumo. Lakini mchungaji akisimama Jumapili na kusema mbele ya mikro kwamba waamini wake wamekufa 43 wala si 10, je, hiyo ni dini au ni habari ya kuleta fujo?

Kuhusu upendeleo wa redio, wazee wana haki nusu. Siku 8 kabla ya mauaji ya Komanda, tarehe 19 Julai 2025, serikali na M23 walitia sahihi tamko la Doha. Redio za mbali zilijaa Doha, Goma na Bukavu, na Ituri ilipewa nusu dakika mpaka damu ilipomwagika kanisani. Huo ni upendeleo, hata kama hakuna aliyeupanga. Hapa karibu kuna upendeleo mwingine unaouma zaidi: redio inayotaja wafu wa kabila moja kwa majina, na wale wa kabila lingine inawaita tu wanamgambo.

Mtu asiambie watu wa Ituri kwamba maneno hayaui. Walio na umri wanakumbuka 2002 na 2003. Nchi jirani ya Rwanda ilikuwa na RTLM. Lakini tazama jinsi mambo ya RTLM yalivyoisha. Mahakama ya Arusha mwaka 2003 iliwahukumu watu watatu wa vyombo vya habari, baada ya kusikia mashahidi na mawakili wao, na mwaka 2007 korti ya rufaa ikapunguza adhabu zao wote watatu, kwa sababu mashtaka mengine hayakusimama. Mchochezi alipatikana, akafungwa, na hata yeye alipata rufaa. Ndiyo njia ya zamani: mtu aseme, na akivunja sheria ajibu mbele ya hakimu. Barua ya kufunga redio kabla haijasema inakwenda kinyume na njia hiyo.

Barua za namna hiyo hazitoki jeshini tu. Tarehe 2 Juni 2025, CSAC, baraza linalosimamia vyombo vya habari, lilikataza redio na televisheni kutangaza shughuli za chama cha PPRD cha Joseph Kabila kwa siku 90. Watu wengi wa Komanda hawana machozi kwa Kabila, na hiyo ni haki yao. Tarehe 30 Septemba korti kuu ya kijeshi ikamhukumu kifo, yeye mwenyewe hayupo. Mtu ambaye hampendi Kabila ajiulize: raia aliposikia hukumu hiyo, alikuwa amesikia pande mbili? Baraza hilo liliwekwa na kifungu cha 212 cha Katiba ili lilinde uhuru wa vyombo vya habari na lifungulie vyama njia ya kusikiwa.

Tena wanaofunga midomo katika Ituri si serikali peke yake. Papy Mahamba, wa redio ya jamii ya Lwemba, aliuawa mwezi wa Novemba 2019, wakati alikuwa akieleza watu habari za Ebola. Joël Musavuli, mkubwa wa redio ya jamii ya Biakato, aliuawa Agosti 2021 pamoja na mke wake. Wote wawili ni wa wilaya ya Mambasa. Mwenye panga na mwenye barua hawafanani. Lakini redio iliyokwisha kupoteza watu kwa panga haifai kupokea barua tena.

Basi wazee wa Komanda wanaweza kuomba mambo ya kizamani kabisa, wala hakuna atakayewaita wapinzani. Waombe wabunge wao wasipige kura ya siku 15 kama watu wanaosaini orodha ya posho, bali waulize kila mara siku 15 zilizopita zimeleta nini. Waombe hakimu wa raia arudishiwe kesi zake, na aletwe karibu, kwa sababu Bunia iko kilometa 75 na barabara ina wenyewe. Akila hongo, ashtakiwe kwenye Baraza Kuu. Redio ikipendelea upande mmoja, aliyeumizwa adai haki ya kujibu, saa ile ile na kwa muda ule ule, jambo ambalo familia za wakimbizi hazijui hata kama lipo.

Na siku nyingine mauaji yakitokea, Mungu aepushe, redio za Komanda ziachwe zisome majina ya wafu, moja moja, na kijiji cha kila mmoja. Jeshi likiwa na orodha nyingine, lilete yake, nayo isomwe.