Taa ya kuchungulia ubongo, na hizi nywele zetu

Leo tuache kidogo mambo ya programu, tuongee juu ya taa.

Hapa Riruta ukienda hospitali unabanwa kidole na kile kibanio chenye taa nyekundu, mara namba inatokea: oksijeni asilimia 97. Mbinu hiyo aliibuni Mjapani, Takuo Aoyagi, miaka ya 1970. Mwaka 1977 Frans Jöbsis, kule Marekani, akaonyesha kwamba mwanga wa infraredi unapenya hata fuvu. Hakuna kisu wala sindano!

Siri yenyewe si kubwa. Mwanga wa nanomita 700 hadi 900 hivi hupita kwenye nyama na mfupa bila kuzuiwa sana, ila damu yenye oksijeni huufyonza tofauti na ile iliyoishiwa. Unapachika taa na kipokezi kichwani, sentimita 3 hivi kati yao, unatumia mianga miwili, kisha kompyuta inapiga hesabu ya sekondari: milinganyo miwili, visivyojulikana viwili. Utaona tabaka la juu la ubongo tu, lakini kifaa kinabebeka. Ndiyo maana kule Keneba, kijiji cha Gambia, watafiti waliweza kuwapima watoto wachanga, wakachapisha matokeo mwaka 2014.

Hapa kwetu Kilifi, miaka ya 1990, damu ya ubongo kwa watoto wenye malaria kali ilipimwa kwa mawimbi ya sauti. Kazi hiyo inataka mkono wa mtaalamu. Kofia ya infraredi ingeweza kukaa kichwani usiku kucha.

Sasa balaa. Melanini nayo hufyonza mwanga. Desemba 2020 watafiti wa Michigan walitoa hesabu za kile kibanio cha kidole: kiliposoma asilimia 92 hadi 96, wagonjwa weusi 11.7 kwa kila 100 kumbe walikuwa na oksijeni chini ya 88. Weupe walikuwa 3.6. Na hapo ni kidole, hakina nywele! Nywele nyeusi za kipilipili, tena zimesukwa, huziba taa, na tafiti nyingi huwaacha nje watu wenye vichwa kama vyetu.

Maoni yangu: hospitali zetu zisinunue mtambo wa aina hii kabla muuzaji hajaonyesha vipimo vya vichwa vya Kiafrika. Nasi mafundi wa programu tusikae tukingoja. MNE-NIRS ni programu huria, Python tupu, bure. Ishusheni wikendi hii, muone inavyoamua ni mawimbi gani yatupwe.