NYUMBA YA POTOPOTO HAILETI HAYA



Juma lililopita mwalimu wetu mmoja alituonyesha picha za mji aliotembelea ku Uingereza. Jina lake ni Lavenham, katika jimbo la Suffolk, na mfalme aliupa ruhusa ya soko tangu 1257. Tuliona nyumba za zamani sana, zimeinama sawa wazee, na wageni wanazipiga picha. Sisi wote tulisema: Wazungu wanajua kujenga!

Kisha mwalimu akaeleza zile kuta ni za nini. Ni boriti za mti mgumu, na katikati yao fito zilizopakwa udongo wenye majani makavu, na juu yake chokaa. Basi, ni potopoto! Darasa lote likanyamaza.

Mimi pia nilinyamaza, kwa sababu ku interna yetu kuko kijana tunayemwita "Potopoto", maana nyumba ya kwao si ya matofali. Mimi kapita nilisikia jina lile, nikacheka pamoja na wengine.

Watu wa Lavenham walipata utajiri kwa kufuma na kuuza nguo za sufu za rangi ya buluu. Karibu na mwaka 1529 chama kimoja cha kanisa kilijenga nyumba yake ya mkutano pale sokoni. Ingali inasimama, na watu wanalipa feza kwa kuingia. Lakini sikieni: biashara ya nguo ilipokufa, watu wa mji hawakuwa tena na feza ya kubomoa na kujenga mpya. Walitengeneza tu zile za zamani. Ni umaskini wao ndio ulilinda nyumba zinazosifiwa leo.

Mtaniambia: "Kapita, kwetu kuko mchwa na mvua kali." Ni kweli. Lakini wale nao hawakuweka boriti juu ya udongo mtupu. Waliziweka juu ya msingi wa mawe ao matofali, wakaangalia paa. Nyumba inaoza kwa sababu ya maji na uvivu, si kwa sababu ni ya udongo.

Sisemi tuache matofali. Ninasema: tusisifu ku Uingereza kitu tunachocheka kwetu. Tangu leo, yeyote atakayemwita mwenzetu vile, nitamwandika ku daftari ya makosa. Jina langu limekwisha kuandikwa, ni la kwanza.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa sita