Hii gitaa si ya kuchezea watoto

Wapendwa, tuambiane ukweli. Hapa Nakivale kijana anatengeneza gitaa kwa mkono: kopo ya mafuta ndio tumbo, ubao ndio shingo, nyuzi anafumua kebo ya breki ya baiskeli, waya moja moja. Tunamcheka. Ndiyo, hata sisi tulicheka. Kisha kwaya inachangisha, inapanda taksi mpaka Mbarara, inarudi na gitaa ya kiwanda, ile ya bei rahisi, shingo inapinda kabla ya Pasaka.

Uhispania, fundi wa gitaa ya flamenko anachukua saipresi, analainisha mbao mpaka iwe nyembamba kama milimita mbili, na watu wanamheshimu. Saipresi! Ndugu yake si anapandwa hapa hapa Uganda? Na Kinshasa kuko Misoko Nzalayala, banamuita Socklo, magitaa anatengeneza mwenyewe, wanamuziki wanapiga. Basi nani alisema yetu ni takataka?

Viongozi wa kwaya, kabla ya safari ingine ya Mbarara, piteni kwanza kwa fundi. Mumpe nusu ya ile pesa, anunue gundi nzuri na mbao kavu (mbichi itapasuka, msimlaumu). Isipolia vizuri, mrudi mtutukane.