Gari la Kukodi ni Amana: Nani Alipe Mkwaruzo?

DESTURI ya kukodi gari bila dereva sasa imefika hata katika miji ya Mara. Familia ya Iringo, mjini Musoma, ikiwa na walima Bunda, au wageni wanaotaka kuzuru kaburi la Mwalimu Nyerere kule Butiama na kisha kuingia Serengeti kwa lango la Ndabaka, hukodi Noah kwa siku mbili tatu na kuweka fedha ya dhamana. Safari huisha salama. Ugomvi huzuka siku ya kurudisha funguo: mwenye gari huonesha mkwaruzo kwenye bampa, au ufa kwenye kioo cha mbele, na dhamana hairudi.

Jawabu la fiqhi ni la zamani. Gari la kukodi ni amana mikononi mwa aliyelikodi, naye halipi uharibifu ila kwa kuvuka mipaka ya makubaliano au kwa uzembe. Hapa ijara inatofautiana na kuazima. Mtume (S.A.W.) alipoazima deraya za Safwan bin Umayya kabla ya vita vya Hunayn, mwaka wa 8 Hijria, alizichukulia dhamana. Aliyekodi, kinyume chake, amelipia manufaa, na uchakavu wa kawaida umo ndani ya ujira aliotoa. Jiwe lililorushwa na lori katika barabara ya Sirari likapasua kioo, hali dereva yuko katika mwendo halali, ni msiba wa mwenye gari. Lakini aliyemwachia usukani kijana asiye na leseni na alipe, wala asitafute fatwa ya kumkinga.

Sheria ya nchi haiko mbali na hapo. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, humtaka aliyekabidhiwa mali aitunze kama mtu mwenye busara ya kawaida atunzavyo yake; akifanya hivyo hawajibiki, isipokuwa mkataba umesema vinginevyo. Katika maneno hayo ya mwisho ndipo wengi wanaponaswa. Karatasi huandikwa kwamba gari limepokewa likiwa zima na kwamba mkodi atalipa uharibifu wowote, naye baba wa familia hutia saini huku watoto wamekwishapanda. Wanazuoni wengi huona sharti la kumdhaminisha mwenye amana ni batili, lakini mahakama itatazama saini. Basi isomwe kwanza, na sharti hilo likatwe kwa kalamu mbele ya pande zote mbili. Hata pale mkataba unapotaja kiasi maalumu kwa kila mkwaruzo, kifungu cha 74 humpa mdai fidia ya haki tu, isiyozidi kiasi hicho.

Mzigo wa ushahidi ni wa mdai, nasi twajua. Ila picha humaliza ubishi kabla haujafika kwa kadhi wala kwa hakimu. Gari lipokewe mchana, likiwa limeoshwa, kwani vumbi la kwetu huficha mikwaruzo mingi ya jana. Lipigwe picha pande zote, pamoja na rimu, chini ya bampa, kioo cha mbele na tairi la akiba, kisha picha zitumwe palepale kwa simu ya mwenyewe ili saa ibaki imeandikwa. Wakati wa kurudisha ifanyike vivyo hivyo; kumwachia mlinzi funguo usiku ni kujitafutia balaa.

Iulizwe pia bima. Bima ndogo hulipa madhara ya watu wengine tu, si gari lenyewe. Ikiwa ni bima kubwa, je, inaruhusu gari kukodishwa? Stika huhakikiwa kwa simu katika mfumo wa TIRA, lakini sharti la kukodisha limo ndani ya hati, nayo haina budi kuonwa. Pasipo kuuliza, familia yaweza kulipia kioo ambacho bima nayo imekilipia.

Wenye magari nao wana malalamiko ya haki, kwani wapo wanaorudisha gari limebonyea mlango na kuapa kwamba hawajui. Palipo na uharibifu wa kweli, aitwe fundi wa bodi anayeaminiwa na wote wawili, akadirie matengenezo ya pale palipoharibika, si bampa jipya badala ya bovu la miaka kumi. Risiti ioneshwe, na salio la dhamana lirudishwe siku hiyohiyo.