Bia Haihukumiwi kwa Macho

Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Hata hivyo, aghalabu mtu akiletewa kinywaji asichokizoea hutazama rangi, akakunja uso, na hukumu ikawa imepita.

Ndivyo inavyotendewa bia ya kahawia, ile Waingereza huiita brown ale. Mfano wake mashuhuri, Newcastle Brown Ale, ulianza kuuzwa mwaka wa 1927, na siku hizi watengenezaji wadogo wadogo wa nchi nyingi huipika kwa mitindo yao. Aliyezoea laga nyepesi akiiona huidhania kuwa kali. La hasha! Rangi hiyo hutokana na kimea cha shayiri kilichokaangwa, wala haipimi nguvu ya pombe.

Waamuzi wa bia wanaofuata utaratibu wa BJCP, ulioanzishwa Marekani mwaka wa 1985, hutoa alama 50. Harufu ina 12, ladha 20, hisia ya mdomoni 5, na maoni ya jumla 10. Sura je? Alama 3 tu! Isitoshe, jina la mpishi hufichwa ili sifa zake zisimtangulie.

Nawe ukitaka kuamua kwa haki, kwanza bia isiwe baridi mno. Yule mzee anayeagiza "ya moto" baani, yaani isiyotoka kwenye friji, asichekwe sana, kwani baridi kali huutia ulimi ganzi. Pili, nusa mara tu baada ya kumimina. Bia nzuri ya kahawia hunukia mkate uliobanikwa, njugu au sukari guru. Ikinuka boksi kuukuu, imekaa mno; ikinuka siki, imeharibika. Tatu, piga funda dogo, lizungushe mdomoni, umeze, kisha usubiri. Utamu wa kimea na uchungu wa hopsi vipimane, kimoja kisikifunike kingine. Kabla ya kuonja nyingine, tafuna mkate mkavu na unywe maji.

Zaidi ya yote, kila kitu kihukumiwe kwa aina yake. Kuikataa bia ya kahawia kwa kuwa si laga ni sawa na kumlaumu mbuzi kwa kutotaga mayai.

Naam, kuonja si kulewa. Ulimi uliolewa hauna hukumu. Na sheria ya vileo ya mwaka wa 2010 haimruhusu aliye chini ya miaka 18 kuuziwa pombe. Basi wanafunzi, nanyi msiokunywa, jaribuni kwa chai. Pikeni majani ya pakiti mbili tofauti kwa kipimo kimoja, mmoja wenu amimine bila wengine kuona, kisha kila mtu aandike uamuzi wake kabla ya kusikia wa mwenzake. Huenda ile ya bei nafuu ikaishinda ile mnayoisifu kila siku, na bajeti ya nyumba ikapata nafuu.